Tonge la Mama

Mamangu alilisha mtoto wa watu kwa mkono wake kwa miaka sita. Parklands, ghorofa ya tatu, nyumba yenye jikoni kubwa kuliko chumba tulichokaa sisi wanne kule Huruma. Kazi yake kwa jina ilikuwa kufua, kupiga pasi na kusugua sakafu, lakini ukimuuliza leo atakwambia kazi yenyewe ilikuwa moja tu: mtoto ale. Saa saba mchana, na tena jioni kabla jua halijazama. Sahani ndogo ya chuma, khichdi ya mchele na dengu iliyopikwa hadi ikalainika kama uji mzito, samli juu, mtindi kando. Kijiko hakuna. Unakanda kwa ncha za vidole, unafanya tonge dogo kama zabibu, unatia mdomoni, unangoja ameze, unatia jingine. Mtoto akigeuza uso, unaanza kuhesabu.

"Tonge la kaka. Tonge la mama. Tonge la dada."

Aliyemfundisha ni Ben. Ben kwa Kigujarati ni dada, na ndivyo mama mwenye nyumba alivyotaka kuitwa, ingawa yeye alimwita mamangu "ayah" hadi siku ya mwisho. Siku ya kwanza Ben alikaa chini sakafuni, mtoto mapajani, akamwonyesha. Katika maneno yote ya Kigujarati aliyoyasema, mamangu alishika hayo matatu, akadhani Ben amechanganya Kiswahili ili kumrahisishia. Tonge la kaka, sawa. Tonge la dada, sawa, ingawa mtoto hakuwa na kaka wala dada. Na tonge la mama. Mamangu aliamua kwamba hilo ni lake. Si yeye ndiye anayelisha?

Ilimchukua zaidi ya mwaka kugundua. Kwa Kigujarati kaka ni ndugu ya baba, yaani baba mdogo. Dada ni babu, baba mzaa baba. Na mama ni mjomba. Ukoo mzima wa wanaume, na hakuna hata mmoja aliyekuwa Nairobi. Kaka na dada walikuwa Leicester, Uingereza. Mama alikuwa kijijini karibu na Jamnagar, magharibi mwa India, na huyo mtoto alikuwa hajawahi kumwona.

Tulicheka sana mamangu aliponisimulia. Kisha nikapata binti, nikaanza kumlisha, na kile kisa kikaacha kunichekesha. Kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo sijapata jibu lake: nani ana haki ya kusema kwamba mtoto ameshiba?

Kwetu Huruma jibu lilikuwa rahisi, sufuria ndiyo iliyoamua. Dadangu mkubwa alisonga ugali, akapika sukuma, tukala, ikiisha imeisha. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimeshiba, na sikuwahi kudhani ni kitu cha kuulizwa. Kwa Ben sahani iliamua. Lazima ibaki nyeupe. Akirudi kutoka sokoni, kabla hajavua viatu: "Toto nakula yote?" Yote. Mamangu anakumbuka siku moja mtoto alitapika, akamwosha uso, akabadilisha shati, akapika nyingine, akaanza upya. "Tonge la kaka..." Ukimuuliza kwa nini, anakuangalia kama mjinga. Alikuwa kazini.

Sasa, ukisema "mama wa Kihindi" bado hujasema kitu. Wabohora huketi kuzunguka sinia moja kubwa na huanza na chumvi kidogo ulimini. Wagoa watampa mtoto samaki. Msingasinga atampa paratha na siagi. Ben alikuwa Mwoshwal, Mjaini, watu ambao hawali nyama, samaki wala yai, na walio wakali hawali kitunguu, kitunguu saumu, viazi au karoti, maana kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima na vijidudu vilivyoushikilia. Wakali zaidi hawali baada ya jua kuzama. Nairobi hiyo ni sheria rahisi, jua letu huzama karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima. Wapeleke Leicester uone. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, mtoto ndiyo kwanza anatoka shule. Juni linakaa hadi saa tatu unusu usiku. Ibada iliyotungwa chini ya jua la Gujarat inamtaka mama wa Leicester achague kati ya dini yake na ratiba ya shule.

Kwa hivyo si kweli kwamba mama mhamiaji hufungasha utamaduni kama sanduku, akaufungua upande wa pili ukiwa vilevile. Vitu vingine hubaki nyuma, na vinavyobaki ndivyo vinavyouma.

Fikiria tonge la kwanza. Katika jamii nyingi za Kihindu, mtoto akifika kama miezi sita hufanyiwa sherehe ya kuonjeshwa wali. Wengi huiita annaprashan. Kwa Wabengali, anayemtilia mtoto wali wa kwanza mdomoni mara nyingi ni mjomba au babu wa upande wa mama. Mama mwenyewe anakaa kando anatazama. Kule kulisha ni kumpokea mtoto kwenye ukoo, na ni kazi ya watu wengi. Baada ya sherehe inaendelea hivyo hivyo. Mtoto akikataa kwa mama, anachukuliwa na shangazi. Akikataa kwa shangazi, nyanya anatoka naye nje kumwonyesha mwezi. Huo mwezi wenyewe huitwa mjomba, chanda mama. Kumi kasoro moja watashindwa na wa kumi atafaulu, na hakuna anayehesabu matonge kwa sababu hakuna anayebeba lawama peke yake.

Ben alikuja kuolewa Nairobi akiwa na miaka ishirini na mbili. Mumewe alikuwa dukani hadi usiku. Wakwe walikuwa wamehamia Leicester zamani. Alibaki yeye, mtoto, na kuta. Wajibu wote wa kulisha ulikuja naye kwenye ndege, lakini shangazi na nyanya walibaki kijijini. Na wale waliobaki kijijini hawakuacha kuuliza. Kila Jumapili simu ililia kutoka Leicester, mama mkwe, na swali la kwanza, kabla ya "hujambo", lilikuwa: amekula? Mtoto mwembamba alikuwa barua ya malalamiko iliyotembea kwa miguu miwili. Ben angemwambia nani kwamba amechoka? Aliyekuwepo ni ayah.

Naomba tusifanye haraka kumcheka mama mkwe pia. Waoshwal walianza kuvuka bahari kuja Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1890. Walikuwa wakulima wadogo kwenye vijiji hamsini na viwili kandokando ya Jamnagar. Mwaka 1899 mvua ilikataa, na njaa iliyofuata hadi 1900 bado ina jina lake Gujarat, Chhappaniyo, kwa mwaka wa 56 wa kalenda yao. Ni moja ya sababu zilizowafukuza mashambani hadi kwenye majahazi. Bengal nayo ilikuja kupoteza watu wanaokadiriwa kufika milioni tatu katika njaa ya 1943, wakati wa utawala wa Mwingereza. Mtu aliyelelewa na mtu aliyelelewa na mtu aliyeona njaa hiyo hasikii "nimeshiba" kama sisi. Anasikia mtoto asiyejua kesho itakuwaje.

Ndiyo maana nina shida na ushauri wa kisasa, ingawa mimi mwenyewe naufuata. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aligawa kazi hivi: mzazi huamua mtoto ale nini, saa ngapi na wapi, mtoto huamua kama atakula, na kiasi gani. Nilipoisoma mara ya kwanza nilihisi mtu amefungua dirisha. Mdomo ni wa mtoto! Lakini isome tena ukiwa na nyanya yangu akilini, au nyanya ya Ben. Mgawo huo unasimama juu ya kitu ambacho hausemi kwa sauti: kwamba chakula kitakuwepo tena baada ya saa tatu. Kwenye nyumba ambapo hilo ni hakika, kumwacha mtoto aseme basi ni heshima. Kwenye nyumba ambapo si hakika, kumwacha ni kumpuuza. Mama mhamiaji amesimama mguu mmoja kwenye nyumba ya kwanza na mwingine kwenye ya pili. Friji imejaa, mwili bado unakumbuka.

Na mwili una mambo yake. Mwaka 2004 jarida la The Lancet lilichapisha picha ya madaktari wawili, John Yudkin wa Uingereza na Chittaranjan Yajnik wa Pune, India. Uwiano wao wa uzito kwa urefu ulikuwa sawa kabisa, 22.3. Walipopimwa mafuta mwilini, Yudkin alikuwa na asilimia 9.1 na Yajnik 21.2. Yajnik alikuwa ameona jambo hilohilo kwa watoto wachanga wa Pune: wanazaliwa wadogo, wastani wa kilo 2.7 hivi, mikono na miguu myembamba, lakini mafuta yamehifadhiwa. Wembamba kwa jicho, wanene kwa ndani, na ukubwani kisukari kinawabisha hodi mapema. Sasa mweke mtoto kama huyo mbele ya mama mwenye hofu. Anaona vifupa vya mkono. Anaongeza samli. Jicho alilopewa na utamaduni wake linamwonyesha njaa mahali ambapo pengine hakuna, na kadiri anavyopenda ndivyo anavyokosea. Sijui kama kuna neno la maadili kwa kosa la namna hiyo. Ukatili si neno lake.

Lakini dola nazo zina jicho, na halioni vizuri zaidi. Turudi Leicester. Wakati Waasia wa Uganda walipofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, halmashauri ya mji huo ilinunua tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije. Walikuja. Walikuja na mogo, ambayo ni muhogo wetu uliopotea herufi njiani, na kuku paka wa pwani. Watoto waliotoka kwenye jua la Kampala na Nairobi wakaingia kwenye baridi, na miongoni mwa watoto wa Kiasia Uingereza ukaonekana ugonjwa wa matege. Mwaka 1981 ikaanzishwa kampeni ya kitaifa ya kupambana na matege, na sehemu kubwa ya ujumbe wake ilikuwa kuwafundisha akina mama wa Kiasia: badilisheni chakula, badilisheni mavazi, badilisheni mazoea.

Haya. Watoto wa Kizungu nao waliwahi kuwa na matege tele, enzi za viwanda na moshi. Serikali haikuwaambia mama zao wawe watu wengine. Wakati wa vita ilitia vitamini D kwenye majarini na kugawa mafuta ya samaki. Ilipopendekezwa kwamba unga wa chapati nao utiwe vitamini hiyo, pendekezo lilikataliwa. Chakula cha wenyeji kilirekebishwa kiwandani, kimyakimya. Chakula cha wageni kikawa tabia mbaya ya mama.

Pengine umeiona ile filamu ya 2023, Mrs. Chatterjee vs Norway. Chanzo chake ni kisa cha kweli. Mwaka 2011, mji wa Stavanger, idara ya ustawi wa watoto iliwachukua watoto wawili wa wazazi wa Kibengali, mmoja akiwa bado mchanga. Wazazi walisema kwamba kati ya makosa waliyosomewa ni kumlisha mtoto kwa mkono na kulala naye kitanda kimoja. Idara ilikana kwamba kesi ilihusu utamaduni, lakini sheria ya siri iliizuia kueleza zaidi, na filamu ilipotoka balozi wa Norway nchini India alilalamika hadharani kwamba ina makosa. Watoto walirudishwa India mwaka 2012, wakakabidhiwa ndugu ya baba, yaani kaka, kwa ile maana ya mamangu asiyoijua. Mwaka uliofuata mahakama ya Kolkata ikampa mama watoto wake.

Mimi na wewe hatujui yaliyomo kwenye faili la Stavanger, na siwezi kuapa kwamba nyumba ile ilikuwa na amani. Ninachojua ni kwamba India yote iliamini mara moja ile habari ya mkono. Mamangu pia aliamini. "Kwani hao hulisha kwa nini?" aliniuliza. Kwa kijiko, nikamwambia. Akafikiri kidogo. "Na wanajuaje kama ni moto?"

Nimelirudia swali hilo mara nyingi. Vidole hupima joto, hupata mwiba wa samaki, huhisi mdomo ukilegea au ukikaza. Mkono unaojua kusikiliza unajua mtoto ameshiba kabla hajasema. Na mkono huohuo ndio unaoweza kulazimisha kuliko kijiko chochote, kwa sababu uko karibu sana. Mtu wa nje akichungulia dirishani hawezi kutofautisha. Kitu cha ajabu ni kwamba Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza chati za ukuaji za 2006, ile mistari iliyo kwenye vitabu vya kliniki, lilipima watoto kutoka miji sita tu duniani, na kati yake ni Delhi na Oslo. Pamoja na Accra, Muscat, Pelotas ya Brazil na Davis ya California. Watoto waliolishwa vizuri na kutunzwa vizuri walirefuka karibu sawa kote. Wa mkono na wa kijiko. Chati haikuuliza.

Kwa hivyo nasimama wapi? Nadhani mdomo ni wa mtoto. Naamini hivyo, na naamini Ben alikosea siku ile ya matapishi, na mamangu alikosea pamoja naye. Mtoto akisema hapana kwa mwili wake wote, tonge linalofuata linamlisha mtu mwingine: mama mkwe kwenye simu, wafu wa 1899, mjomba wa Jamnagar. Mtoto wa miaka miwili hawezi kushibisha watu wote hao. Lakini sioni aliye na haki ya kumwambia Ben hivyo isipokuwa mtu aliye tayari kuketi naye sakafuni na kushika sahani. Idara haiwezi. Kampeni haiwezi.

Aliyeshika sahani alikuwepo, na hapo ndipo napokwama. Kwa sababu mtu aliyejua mtoto ameshiba ni mamangu. Vidole vyake vilijua. Amenikiri hivyo juzi, bila kuulizwa, tukikunja nguo: "Nilikuwa najua. Ilibaki kama matonge manne, matano, najua kabisa hataki." Kwa nini hukumwambia Ben? "Ningemwambia kama nani?" Utamaduni wa Ben ulipita kwenye mkono wa mwanamke wa Kikamba ambaye hakuwa na ruhusa ya kuwa na maoni. Ben hakuwa na shangazi wa kumwambia basi, inatosha. Alikuwa na mtu aliyeweza kuwa shangazi huyo, na alikuwa amemlipa anyamaze. Nadhani hata yeye alipoteza kitu hapo. Mshahara ulimnunulia mikono, ukamkosesha mwenzake.

Na mimi? Mimi nilikuwa Huruma nikigombania ukoko na dadangu. Mamangu alirudi saa mbili usiku, vidole vikinuka samli na bizari, akakuta tumekula. Sikumbuki hata siku moja alinitia tonge mdomoni. Simlaumu, alikuwa amemaliza matonge ya siku. Niliwahi kumwonea wivu yule mtoto wa Parklands, nikafikiri laiti ningekuwa mimi ninayelazimishwa. Sasa nashuku kwamba yeye angependa kuachwa na sufuria, kama mimi.

Siku hizi mamangu anakaa nasi Kasarani, anamlea binti yangu nikiwa kazini. Sikumfundisha chochote, na yeye hakuniuliza. Wiki iliyopita nilirudi mapema nikawakuta sakafuni, mtoto mapajani, wali na dengu, bila kijiko. Binti yangu aligeuza uso. Mamangu akakanda tonge.

"Hili la kaka."

Akala. "Hili la dada." Akala, shingo upande. Nikaona midomo inaanza kukaza.

"Mama, ameshiba," nikasema kutoka mlangoni.

Mamangu hakugeuka. Alikuwa ameshika tonge hewani, anamtazama mtoto, mtoto anamtazama. "Bado moja," akasema. "La mama."

Nilifungua mdomo kumjibu, nikagundua kwamba sijui ni mama gani.

Alingoja kidogo. Kisha akalila yeye.